Tone Chini ya Pikapu ya Wafuga Nyuki

Penye tone sipo penye tundu. Methali hii mliisikia jana mkutanoni, mkaniuliza ni nani aliyeisema kwanza, na mmoja wenu akadai ni ya wahenga. Si ya wahenga. Walioishuhudia ikizaliwa wengine wangali hai na wanakunywa chai. Ilianza hivi.

Nzega, kando ya barabara ya kwenda Igunga, palikuwa na gereji ya mtu aliyeitwa Fundi Masanilo. Alikuwa fundi hasa, hilo hatumnyang'anyi, na neno lake pale lilikuwa la mwisho. Gereji yake ilikuwa na desturi mbili. Moja ilikuwa kusoma boksi. Gari likija linavuja, walitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, wakaenda kunywa chai, na wakirudi walitazama tone limeangukia wapi. Likiwa chini ya giaboksi, basi ni giaboksi. Likiwa chini ya sampu, lile bakuli la chini inamokaa oili, ni sampu. Desturi nyingine ilikuwa gunia. Injini ikirudi na kasoro, aliyeifungua mara ya mwisho aliweka spana zake juu ya gunia mbele ya wote, akasema "Nimekosa," kisha akarudi kuosha vyuma kwa petroli kama mwanagenzi.

Nyamizi, mwanamke pekee katika gereji ile, aliosha vyuma miaka minne. Wanaume walioingia baada yake walipewa injini kabla mwaka haujaisha. Yeye aliambiwa asubiri, na alisubiri huku moyo unamchemka. Hatimaye akapewa pikapu ya chama cha wafuga nyuki abadilishe gasketi ya sampu, ile karatasi ngumu ya kuziba ukingo wake. Ndiyo ilikuwa injini yake ya kwanza. Alikwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kikang'aa, akakaza boliti kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, hadi zote zikashika sawa.

Siku ya tisa pikapu ikarudi. Dereva wake, Mzee Katabi, alisema oili inapungua na kila anaposimama anaacha doa. Boksi likatandikwa. Walipotoka kwenye chai, tone lilikuwa chini ya sampu.

Masanilo hakutazama mara mbili. "Leteni gunia," alisema.

Mafundi sita wakasimama kulizunguka. Nyamizi aliogopa, msidhani hakuogopa. Alijua kwamba akiziweka spana zile hatazishika tena katika gereji ile, na kwamba kila mwanamke atakayekuja kuomba kazi baada yake atasimuliwa habari zake. Lakini pia alizikumbuka boliti zake, moja moja, na hasira ikaizidi hofu.

"Weka, binti," alisema Masanilo. "Mbona unachelewesha watu?"

"Siweki, fundi."

"Unasemaje?"

"Shikamoo yako nilikupa asubuhi, na kesho nitakupa nyingine. Ila kosa lisilo langu sikupi."

Fundi mmoja akacheka kwa pua. Masanilo alilinyooshea boksi kidole. "Tone hili hapa. Au boksi nalo linakuonea?"

"Boksi linajua tone lilipoangukia. Halijui lilipotoka. Niache niioshe injini, niiwashe. Ikivuja kwangu nitaweka spana, na gereji nitaihama mwenyewe."

"Gereji hii haiendeshwi hivyo."

Hapo Mzee Katabi akaingilia. "Fundi, gari ni la chama, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Mwache aoshe."

Kumkatalia Nyamizi kulikuwa rahisi. Kumkatalia mteja mbele ya watu ni jambo jingine, kwa hiyo Masanilo akakunja mikono akasogea kando.

Nyamizi aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa matambara kutoka juu hadi chini, hata kule ambako mkono haupiti vizuri. Kisha akavuka barabara hadi kwa mama lishe, akaomba kikombe cha unga wa muhogo. Wenzake wakamuuliza kama anasonga ugali.

"Nasonga," alijibu, "na mtakula wote."

Akaupaka unga ubavu mzima wa injini mpaka ukawa mweupe, akamwambia Mzee Katabi awashe. Dakika ya kwanza hawakuona kitu. Ukingo wa sampu ulibaki mkavu. Kisha huko juu, nyuma ya filta ya oili, unga ukalowa. Doa likawa mstari, mstari ukateremka taratibu, ukafika kwenye ukingo wa sampu, ukatambaa nao kidogo, na tone likaanguka palepale lilipoanguka lile la kwanza.

Nyuma ya filta ile kuna kidude cha ukubwa wa kizibo cha chupa, swichi ya presha ya oili, kinachopima msukumo wa oili na kuwasha taa nyekundu mbele ya dereva. Injini ilipozimwa Nyamizi alikimulika kwa tochi, na kilikuwa na ufa. Swichi ile haitaki nguvu: unaifunga kwa mkono, unamalizia kwa spana kidogo tu. Aliyeifunga hii alichomeka bomba kwenye spana ili aongeze nguvu, na pembe zake zilikuwa zimelika. Hakuna aliyeuliza ni nani. Siku tano nyuma Mzee Katabi alipita akilalamikia taa hiyo, na Masanilo mwenyewe alimbadilishia swichi akiwa wima, bila hata kuvua saa. Kazi ndogo kama ile hakuna aliyeihesabu kuwa ni kufungua injini.

Masanilo aliutazama mstari ule, akajikuna shingo. "Ndivyo magari yalivyo," alisema. "Penye tone sipo penye tundu. Haya, rudini kazini."

Watu wakaanza kusogea. Nyamizi hakusogea.

"Umesema kweli, fundi. Lakini tundu lina mwenyewe, na gunia bado liko chini."

Alisimama palepale mpaka waliokuwa wanaondoka wakageuka. Mzee Katabi alivua kofia. Mwishowe Masanilo alitoa spana mfukoni mwa ovaroli, akainama, akaiweka juu ya gunia.

"Nimekosa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo wote waliisikia.

Swichi mpya aliifunga Nyamizi, na tangu siku ile gereji ile haikusoma tena boksi kabla injini haijaoshwa.

Mzee Katabi ndiye aliyeyasambaza maneno yale, kila kijiji alichokwenda kuchukua asali. Huko njiani watu wameyapunguza makali. Siku hizi mtu huyasema kumtuliza aliyelaumiwa, kana kwamba ni pole. Hayakuzaliwa kuwa pole. Mtu akikutandikia gunia kwa sababu tu tone limeangukia miguuni pako, usiiname. Mwambie aoshe kwanza, awashe, watu waione njia ya oili. Na tundu likishaonekana, usikubali warudi kazini kabla mwenye tundu hajainama yeye. Penye tone sipo penye tundu.