Jina la Kuandikwa Mlangoni

Hapo zamani, enzi ambazo harufu ya pilau ilikuwa na amri kuliko wazee, palikuwa na mji wa Mabondeni. Zahanati yake ya serikali ilikuwa na mlango mkubwa, na mlango ule ulitaka kadi. Kadi walipewa wenye ajira ya kudumu. Wewe kibarua, kaugue kwenu.

Bi Mwanasha, mpishi wa baraza, alikuwa kibarua. Bintiye Rehani alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Asubuhi hiyo maumivu yalimshika mifupa, akajikunja kama jongoo. Mama alimkanda, akamwacha kwa jirani, akaenda kupika huku moyo umebaki nyumbani.

Barazani hoja ilikuwa moja: je, serikali iwatibu na maskini?

"Hazina itakauka!" alinguruma Mzee Shekuwe, aliyewekwa pale na matajiri. "Tiba ikiwa bure, watu watapenda kuugua!"

"Nani apendaye sindano, mzee wangu?" akadakia mwenzake. "Juzi si ulimkimbia nesi, kanzu mkononi?"

Baraza likaangua kicheko.

Sasa, wazee wale walikuwa na desturi yao: pilau ikinukia, hoja huahirishwa. Hoja hii ilikwisha kuahirishwa hata ikaota mvi. Bi Mwanasha akazima moto, akaukalia mfuniko.

"Bibi wee, mbona hakunukii?"

"Kateni shauri kwanza, waheshimiwa."

"Tutakufukuza!"

"Nifukuzeni. Ila sufuria nimeikalia, na mwenye mwili huu mnamwona."

Matumbo yakanguruma. Ndipo akasimama mkunga Nyamizi, mwenye funguo za zahanati.

"Na mimi nifukuzeni. Wasio na kadi nimekuwa nikiwaingiza kwa mlango wa nyuma, Rehani akiwemo. Jana mmeutia kufuli jipya, na ufunguo wake hamkunipa. Leo nani atamwingiza?"

Mikono ikainuliwa: nusu huku, nusu kule. Ukabaki wa Shekuwe. Alijua akiuinua, waliomweka watamwondoa.

"Serikali gani hii," akasema taratibu, "inayopitisha watu wake uchochoroni kama wezi?"

Akauinua.

Vigelegele! Rehani akabebwa juujuu, akaingizwa kwa mlango wa mbele, kichwa juu kama bibi harusi. Pilau ililiwa jioni, tena ina kiini, na hakuna aliyenuna.

Baada ya siku chache Rehani alikuwa anaruka kamba. Mji ukataka jina la aliyeleta ushindi liandikwe juu ya mlango ule.

"Bila mimi mngekula mkalala," alisema Bi Mwanasha.

"Bila mimi mwanao asingeifikia siku hiyo," alisema Nyamizi, aliyekwisha kunyang'anywa funguo.

"Bila mkono wangu mngekuwa mnabishana hadi leo," alisema Shekuwe, aliyekwisha kunyang'anywa kiti.

Fundi yuko juu ya ngazi, brashi inadondosha rangi. Rehani anamvuta mama kanga: "Mama, aandike la nani?" Bi Mwanasha anafungua kinywa, anamtazama mkunga, anamtazama mzee, anakifunga.

Haya, nyinyi mlioshiba mnaonisikiliza: je, nani alistahili?