Kinu cha Nyati na Ngamia

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walikaanga maandazi, Nyati na Ngamia walinunua kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta. Mchi wake mzito kama nini! Anayeuzungusha hufungwa macho kwa kitambaa, asije akapata kizunguzungu.

Kindi akaja mbio na gunia lake la ufuta. Lilikuwa hilo hilo moja, mavuno ya msimu mzima, chakula cha wanawe watano.

"Hodi wenyewe! Ufuta ninao, ila kinu sikiwezi. Jana nilikisukuma, hata hakikutikisika. Tushirikiane."

Nyati akacheka mpaka pua ikatoa povu. "Wewe? Utasukuma nini na vimikono hivyo?"

"Sisi tumeshatosha, na ufuta wetu tunao," Ngamia akasema. "Mimi nina nguvu, na mwenzangu ana nguvu."

Ilimuuma Kindi, msidhani haikumuuma. Halafu akauliza polepole, "Kesho nani atazungusha?"

"Sote!"

"Na nani atafungwa macho?"

"Sote! Unataka tuanguke?"

"Ahaa!"

Mmeona alichokiona? Haya, nyamazeni, msimwambie Nyati.

"Basi tuwekeane sharti," Kindi akasema. "Gunia langu naliweka hapa kando ya kinu. Zungusheni asubuhi hadi jioni. Mkipata mafuta hata kijiko kimoja, gunia ni lenu. Msipopata, tunakuwa washirika watatu, sawa kwa sawa."

"Kijiko? Tutajaza mapipa!"

Kesho yake Kindi mwenyewe akawafunga vitambaa, wakaanza. Kwiii! Kwaaa! Kwiii! Kindi akakaa juu ya gunia, moyo unamdunda du-du-du. Mmoja wao akifungua macho tu, wanawe watalala njaa. Lakini kila mmoja aliona haya kusimama kabla ya mwenzake, wakazunguka mpaka jua likachwa.

Wakavua vitambaa. Kinu kikavu!

"Umetuloga!" Nyati akanguruma.

"Mimi? Sijanyanyua hata kidole. Niambieni tu, nani alitia ufuta?"

"Ni Ngamia, bila shaka!" Nyati akasema.

"Mimi?" Ngamia akashtuka. "Si wewe?"

Wakatazamana. Lo, aibu iliyowapata! Ngamia akakaa chini, puu!

"Bi Kindi," akasema, "panda basi, ututilie. Sisi tukizungusha hatuoni kitu."

Kindi akapanda, akamimina konzi ya kwanza. Nyati akasukuma. Mafuta yakaanza: to! to! to!

Nanyi mkianza biashara, msimtafute mwenye kile kile mlicho nacho. Mtafuteni mwenye kile mnachokosa.