Bomba Lililozungushwa Ngulungu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka kwa sababu sikuwa na kalenda, serikali ya nchi moja iliamua kujenga bomba la kupeleka mafuta pwani. Haikutaka fedha za mgeni. "Bomba ni letu, tutalijenga wenyewe," ilisema. Basi kila kaya ikatozwa kodi ya bomba misimu mitatu. Watu walilipa bila kinyongo, maana waliahidiwa kwamba fedha za zahanati zimewekwa kando na hazitaguswa.

Katika kijiji cha Ngulungu aliishi mama mjane aitwaye Nyamizi, mjumbe wa nyumba kumi. Kwao, mtoto akifa kabla ya kupewa jina huzikwa kando ya chemchemi, bila alama, na hatajwi tena. Nyamizi alikuwa na watatu pale. Wapimaji walipokuja kumwuliza, "Mama, njia hii ina makaburi?" alijibu, "Hakuna." Angesemaje? Hawatajwi! Akaweka dole gumba kwenye karatasi, wapimaji wakaenda zao.

Lo! Siku mtaro ulipofika chemchemini, Nyamizi alishuka akakaa humo ndani, akalia. Mkuu wa wachimbaji, kijana aitwaye Lugendo, akachuchumaa ukingoni.

"Mama, kulikoni?"

"Mwanangu, wanangu wamelala hapa."

"Mbona ulisema hakuna makaburi?"

"Ningewatajaje?"

Lugendo alikuwa amemzika mwanawe mwaka uliotangulia. Aliamuru bomba lizunguke kilima kizima, na gharama ikapaa.

Hesabu zikamfikia mtunza hazina, mzee Kabuche. Maskini, alishika tama. Akisema kweli, kodi itaongezwa misimu mitatu mingine, na mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, watu wanachimba mizizi wapate kula. "Niwakamue nini hawa?" akajiuliza. Akachota fedha za zahanati kimyakimya, akaapa kuzirudisha mafuta yakianza kuuzwa. Yakaanza kuuzwa, bei ikaanguka puu! Zahanati ya Ngulungu ikabaki msingi mtupu, mbuzi wakawa wanaota jua juu yake.

Mwaka wa pili Kalekwa, binti pekee wa Nyamizi, akashikwa na uchungu. Wakambeba kitandani, mwendo wa kutwa, kuelekea hospitali ya mbali. Mtoto alizaliwa njiani, akalia mara moja, basi. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyemzika pale chemchemini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile waliujua wawili, mama na bintiye.

Habari za fedha zikafumuka. Baraza likaitwa, likaamua kwamba mwenye kosa ataihama nchi, asirudi kamwe. Haya, nani?

Kabuche akasimama. "Nihamisheni mimi, ndugu zangu. Niliwaficha. Lakini mlikuwa na njaa, nikawaonea huruma."

Lugendo akasimama. "Nihamisheni mimi. Nilizungusha bomba bila kuuliza bei wala nani atailipa. Lakini jamani, ningepitisha chuma juu ya watoto wachanga?"

Nyamizi akasimama. "Waacheni hawa. Ningesema kweli siku ya karatasi, bomba lingechorewa njia nyingine kabla jembe halijagusa ardhi, tena kwa bei ndogo. Lakini mila ndiyo iliyonifunga mdomo, na mila si yangu peke yangu."

Wengi waliinamisha vichwa, maana nao walikuwa na wao pale chemchemini, na wapimaji walipopita hakuna aliyefungua kinywa.

Mwenyekiti wa baraza akasema, "Aliyefiwa ndiye aseme. Kalekwa binti yetu, mtaje mmoja. Kabla jua halijatua atakuwa ameondoka. Usipomtaja, wataondoka wote watatu."

Kalekwa akainuka, maziwa yakimlowesha kifuani. Alimtazama mzee aliyewahurumia wenye njaa. Alimtazama kijana aliyewahurumia wafu. Alimtazama mama yake, ambaye hakuwa na mtu mwingine duniani ila yeye. Moyo ulimuuma, na hasira ilikuwa bado ya moto.

Haya, nyie mnaotafuna karanga zangu, msinikodolee macho! Mimi nimewapa mambo yote kama yalivyokuwa. Kalekwa amekwisha fungua kinywa. Je, amtaje nani?