Kiapo cha Matope

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba, vyungu na vikao visivyokwisha, palikuwa na bonde moja lenye lambo. Lambo lile, wanangu, ni bwawa walilolichimba wenyewe na kulizuia kwa tuta la udongo. Amri ya Mtemi Tembo ilikuwa moja tu: mtu asipande juu ya tuta.

Siku moja walifanya msaragambo, kazi ya pamoja, wote kasoro Kiboko na Nyati, waliotuma salamu kwamba wanaumwa. Wakalikandika tuta udongo mpya, wakarudi makwao kupumzika. Jua lilikuwa la utosi. Bi Nguchiro, ambaye shimo lake lilikuwa hapo karibu, alibaki mlangoni akipepeta mtama.

Mara akasikia tiii! tiii! Akachungulia. Lahaula! Wagonjwa wako juu ya tuta wanasukumana, kila mmoja anataka ajulikane kuwa ndiye mzito.

"Sukuma basi!" alisema Kiboko.

"Nasukuma, huoni?" alijibu Nyati.

Tuta likaguna, kisha poromoko! Upande mmoja ukaenda, maji nayo yakaenda. Wale wakubwa wakatoka mbio bila kutazama nyuma.

Mbiu ikapigwa. Wanyama wakakusanyika, midomo imewakauka.

"Nitaunda tume ya uchunguzi," alisema Mtemi Tembo. "Atakayepatikana na kosa atahama bonde hili na jamaa yake yote."

Wanyama wakapiga makofi, maana tume ni neno zito, na neno zito hutuliza kiu kwa muda. Kiboko akateuliwa mwenyekiti kwa kuwa anayajua maji. Nyati akawa mjumbe kwa kuwa alikuwa amekwisha kusimama mbele.

Kabla ya siku kwisha minong'ono ilikuwa imezagaa: "Ni mashimo ya Nguchiro yaliyolegeza tuta." Ukiufuata mnong'ono huo nyuma, nyumba kwa nyumba, ulikuwa unakomea barazani kwa Kiboko.

Bi Nguchiro aliogopa, tena sana. Alikuwa na watoto watatu, na nje ya bonde lile hapakuwa na hata tone la maji. Aseme aliwaona? Nani angemsadiki Nguchiro mbele ya Kiboko? Kesi ya nyani imekwisha kupelekwa kwa ngedere.

Akaenda kwenye kipande cha tuta kilichosalia. Udongo mbichi wa asubuhi ulikuwa umeanza kukauka, na alichokiona juu yake kilimfanya atabasamu. Akakifunika kwa matawi ya miiba, akanawa uso, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, Nguchiro. Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja kukiri?"

"La. Nimekuja kuomba kazi. Naona tume haina katibu."

Kiboko akacheka kwa! kwa! kwa! hadi uji aliokuwa akinywa ukamwagika. Nyati, aliyekuwa ameketi naye, akakunja uso.

"Mshukiwa awe katibu? Wapi na wapi!"

"Mwache," alinong'ona Kiboko. "Akiiandika hukumu yake kwa mkono wake, atakata rufaa kwa nani?"

Basi tume ikaanza kazi. Siku ya kwanza ilichunguza viti: kipi cha mwenyekiti, kipi cha mjumbe, na kwa nini cha mjumbe kina mto. Bi Nguchiro akaandika yote. Siku ya pili zikaja hadidu za rejea, ndiyo maagizo ya tume ichunguze nini na kwa njia gani.

"Waheshimiwa," aliuliza Bi Nguchiro kwa upole, "mkosaji tutamjuaje?"

"Kwa nyayo!" Nyati alidakia. "Nyayo za nguchiro zimejaa kule tele."

"Niandike 'mwenye unyayo kwenye udongo mpya wa tuta ndiye mkosaji'?"

"Andika!"

"Bila kujali cheo chake?"

"Cheo gani ulicho nacho wewe?" Kiboko alifoka. "Andika!"

Akaandika.

Siku ya tatu ilikuwa ya kiapo, mbele ya bonde zima. Desturi ya kule, mwenye kuapa hakutia saini. Alikanyaga ubao wa matope, ubao ukakaushwa na kuwekwa kwa Mtemi. Bi Nguchiro aliyakanda matope mwenyewe, laini kama unga wa maandazi.

"Bonyezeni sana, waheshimiwa," alisema. "Watu wasije wakasema tume yetu ni nyepesi."

Ee, hapo alimpata kila mmoja penyewe! Kiboko akakanyaga, chubwi! Nyati akakanyaga, chubwi! Akaona wake hauzidi wa Kiboko, akaongeza na mguu wa pili. Kisha mwenyekiti akatoa hotuba ya ufunguzi, na alipomaliza mbao zilikuwa zimekauka kabisa.

Katibu akasoma hadidu za rejea. Mtemi Tembo akatikisa masikio. "Nimeziidhinisha. Mwite shahidi wa kwanza."

"Shahidi wa kwanza ni tuta, Mtemi. Naomba tulifuate liliko."

Wakamfuata. Akaivuta miiba, kwaru, kwaru. Udongo mkavu ukaonekana, na nyayo zimejaa, kubwa, za kina. Hapakuwa na unyayo hata mmoja wa nguchiro.

Mtemi Tembo akaweka ubao wa kwanza kando ya nyayo hizo. Vidole vinne, cha pembeni kimepinda. Akaweka wa pili. Kwato yenye pengo mbele. Zililingana sawasawa na zile za kwenye tuta.

"Hizo ni za zamani!" Kiboko alipayuka.

"Za zamani vipi?" aliuliza Kobe kutoka nyuma. "Udongo huu tuliukandika asubuhi ya siku ile ile, wewe ukiwa mgonjwa."

"Yeye ndiye aliyeanza kusukuma!" Nyati alilia.

"Mwongo! Wewe ndiye uliyeniambia mimi mwepesi!"

"Katibu," alisema Mtemi, "hayo umeyaandika?"

"Yote, Mtemi."

"Basi wahame leo hii."

Bi Nguchiro akainama. "Mtemi, wakihama hawa, udongo wa tuta jipya ataukanyaga nani? Sisi tulio wepesi tutamaliza mwaka na kiu yetu."

Tembo akafikiri, akakubali. Tangu asubuhi iliyofuata Kiboko na Nyati walikuwa ndani ya matope hadi magotini, chubwi, chubwi, bila viti na bila mto. Juu ya jiwe aliketi Bi Nguchiro na daftari lake, wanawe watatu ubavuni.

"Bonyezeni sana, waheshimiwa," alikuwa akiwaambia. "Bonyezeni sana."

Nami hapo ndipo nilipowaacha, wanangu, mvua za kwanza zikianza kunyesha.

Anayetunga sheria ya kumnasa mwenzake, na aupime kwanza mguu wake mwenyewe.