Jina la Mtoto na Risasi ya Tisa

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mbali, maana mtoto wa hadithi hii hajaota hata jino, palikuwa na mwanamume aitwaye Ndalahwa. Alikuwa na shamba la mahindi kando ya msitu, alikuwa na mke aitwaye Kabula, alikuwa na binti wa wiki sita, na alikuwa na bunduki. Bunduki ilikuwa na kibali, ilikuwa na namba, ilikuwa na mfuko wake wa ngozi na kitambaa chake cha kufutiwa. Mtoto hakuwa na jina. Watu walimwita Kachanga tu, mpaka wakubwa wapate nafasi ya kukaa wafikiri.

Nguruwe pori walitoka msituni kula mahindi, na duka la risasi lilikuwa mwendo wa siku mbili, basi Ndalahwa akajifunza kujaza risasi mwenyewe nyumbani. Ganda lililokwisha kupigwa analisafisha, anatia fataki mpya kitakoni, ile ya kuwashia baruti, anamimina baruti, anakandamiza kichwa juu, imekwisha. Wapi? Mezani. Meza ipi? Ileile anayoogeshewa mtoto, kwani nyumba ilikuwa na meza ngapi?

Kabula aliogopa. Lakini kuogopa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wengine pale walikuwa na kazi za maana.

Siku moja mchana Ndalahwa alikuwa anajaza risasi hamsini, Kabula yuko nje anaanika nepi, mtoto akalia. Akalia kile kilio cha kukata pumzi, kile ambacho mama akikisikia maziwa yanamwagika yenyewe. Kabula akaita, "Baba Kachanga! Mchukue mtoto basi, mikono yangu ina sabuni!"

Ndalahwa akainuka, akamchukua, akambembeleza, akamrudisha kwenye mkeka, akarudi mezani. Tumpongeze. Baba aliyemchukua mwanawe mara moja anastahili kupongezwa mwaka mzima.

Kesho yake asubuhi alitia risasi tano mfukoni, akachukua bunduki, yuko mlangoni. Kabula akamzuia.

"Baba Kachanga, jana nilipokuita ulikuwa unafanya nini?"

"Namimina baruti."

"Uliporudi ukaanzia wapi?"

Ndalahwa akatazama bati la dari. Akalitazama sana, kama vile majibu huandikwa juu ya misumari.

"Nadhani nilianzia pale nilipoachia."

"Unadhani?"

"Huenda kuna moja nimeimiminia mara mbili."

"Ipi?"

"Sasa Kabula, ningeijua si ningekwambia?"

"Na ikipigwa hiyo?"

"Bunduki inapasuka. Inapasukia usoni kwa aliyeishika."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kabula akazitoa zile tano mfukoni mwake moja moja, akazirudisha kwenye kopo la biskuti pamoja na zile arobaini na tano. Akasema, "Tuzitupe chooni zote."

"Hamsini? Na nguruwe nitawapiga kwa maombi?"

"Basi mimi na mtoto tunaenda kwa mama yangu."

Hapo ndipo mwanamume alipoogopa, maana nani angepika? Akatoka uwanjani akatangaza, jirani wote wakasikia: "Atakayeitoa risasi mbaya ndani ya nyumba hii, mwanangu atachukua jina lake!" Na katika kijiji kile jina halikuuliza la kiume wala la kike. Mtu akipewa mtoto wa jina lake anaitwa somo, anakaa mbele kwenye kila sherehe, na akifa halijafa jina. Basi wakaja. Wakaja mbio. Kumbe walikuwepo siku zote, hata siku za kuchota maji.

Wa kwanza alikuwa Lushinge, kaka yake Ndalahwa. Alikuja na nyundo. Si nyundo ya misumari, ni nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani. Unaingiza risasi, unafunga kifuniko, unaipiga kwenye gogo, pu! pu! pu! mpaka kichwa kichomoke kwa mshindo, na baruti inabaki ndani ya nyundo.

Wa pili alikuwa Shigela, fundi baiskeli. Yeye alikuja mikono mitupu, maana chombo chake hakibebeki. Lilikuwa jiliwa, lile dude la chuma la kubania vitu, alilolifunga kwa parafujo kwenye benchi ya karakana yake na kulichongea meno ya kushika kichwa cha risasi.

Wa tatu alikuwa Bi Holo, shangazi yake Ndalahwa, mnunuzi wa dhahabu machimboni. Alikuja na mizani ndogo ya kupimia vumbi la dhahabu, ameifunga kwenye kitambaa kama kifaranga.

Sasa Ndalahwa achague chombo. Mwanamume huyu alioa kwa kuona picha moja kwenye simu, ikiwa na ufa. Lakini kuchagua kati ya nyundo na jiliwa, alihitaji siku tatu.

"Nyundo haibagui," Lushinge akasema. "Risasi nene inaingia, nyembamba inaingia. Jiliwa la huyu fundi lina meno ya saizi moja."

"Na risasi za ndugu yako zote ni za saizi hiyohiyo moja," Shigela akajibu. "Nyundo unapiga mara nne, mara tano, kwa risasi moja. Mimi nabana, navuta mpini, imetoka. Kimya. Hata kuku hashtuki."

"Basi lilete jiliwa hapa," Lushinge akasema.

"Limefungwa kwenye benchi, mzee. Risasi ndizo zije."

"Nizungushe kopo la risasi kijijini kama muuza karanga?" Ndalahwa akasema. "Ngoja nifikiri."

Akafikiri siku ya kwanza. Nguruwe wakala mistari miwili ya mahindi. Akafikiri siku ya pili, wakala mitatu. Kopo la biskuti liko juu ya kabati, mtoto yuko chini ya kabati, kwani nyumba ilikuwa na kabati ngapi? Kabula akauliza, "Na mtoto?" Wakamjibu, "Subiri, shemeji, haya mambo ni ya kitaalamu." Kabula akahamisha mkeka, akawa ananyonyeshea jikoni kwenye moshi, akaogopa. Wengine walikuwa na kazi za maana.

Siku ya tatu Bi Holo akachoka. "Nyie wanaume mnagombania cha kubangulia karanga, wala hamjaitenga mbovu! Leteni kopo." Akaweka risasi kwenye mizani, moja moja, hamsini zote, miwani puani, hapumui. Akatenga tisa. "Hizi ni nzito kuliko nyingine. Kama ipo, imo humu. Maganda nayo hayalingani uzito, kwa hiyo msiniulize ni ipi."

Basi tisa. Na kwa kuwa nyundo ilikuwa imeshafika nyumbani na jiliwa halina miguu, Ndalahwa akachagua nyundo. Huo ndio utaalamu wa siku tatu.

Lushinge akatafuta gogo, akaona kinu cha Kabula. Akakipindua. Kabula akasema, "Shemeji, fanyieni nje." Lushinge akasema, "Upepo utapeperusha baruti." Pu! pu! pu! ya kwanza ikatoka: baruti ya kawaida. Pu! pu! pu! ya pili: ya kawaida. Ya tatu, ya nne, ya tano, mtoto analia, ya sita, ya saba, "Shemeji, mnyamazishe mtoto, nakosea hesabu," ya nane: ya kawaida.

Ikabaki ya tisa. Hiyo Lushinge akaipiga kama anaua nyoka. Kifuniko cha nyundo kikapasuka, risasi ikaruka nzima kama ilivyo, ikagonga mguu wa meza, ikabiringika polepole, ikaingia jikoni, ikapanda mkeka, ikatulia kwenye nyayo za mtoto.

Lushinge akaruka nyuma ya mlango. Ndalahwa akaruka nyuma ya Lushinge. Bi Holo akakumbatia mizani yake. Hakuna wa kulaumiwa. Mtaalamu hana budi kujilinda, akifa elimu itapotea.

Kabula akamnyanyua mtoto. Kisha akainama akaiokota ile risasi.

"Itupe chooni!" Ndalahwa akapaza sauti, kutoka nyuma ya mlango.

Na Kabula alitaka kuitupa, jamani, mkono wenyewe ulitaka. Lakini akafikiri: nikiitupa sitajua kama mbaya ilikuwa hii au imo kwenye zile arobaini na moja, na huyu bwana kesho ataondoka nazo, na kesho kutwa naitwa mjane. Akamfunga mtoto mgongoni, akaishika risasi kwenye kiganja, mkono ameunyoosha mbele mbali na mwili, akatembea hivyo mpaka karakana kwa Shigela, anawaambia watu, "Pisheni, pisheni, msinisogelee." Watu wakadhani amechanganyikiwa. Wakampisha.

Shigela hakuuliza. Akaibana risasi kwenye jiliwa, akavuta mpini taratibu kama anayechomoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kichwa kikatoka. Wakatazama ndani. Baruti ilikuwa imejaa hadi shingoni. Mara mbili kamili.

Shigela akakaa chini kwenye mataili. Kabula akamshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia.

Basi mnadhani walirudi nyumbani wakashukuru Mungu? Walirudi nyumbani wakagombania jina.

"Mtoto ni Shigela," fundi akasema. "Risasi mbaya imetoka mkononi mwangu. Sharti lilisema atakayeitoa, halikusema atakayepiga kelele."

"Mtoto ni Lushinge!" kaka mtu akasema. "Nane nimezitoa mimi, kila moja nikijua inaweza kuwa ndiyo. Yeye alitoa moja, tena amekwisha kujua ni ipi. Ushujaa wa kubahatisha mara nane na wa kujua mara moja, upi mkubwa?"

"Mtoto ni Holo," shangazi akasema. "Bila mimi mngepiga hamsini. Nyundo ilikufa kwenye ya tisa, ingefika hamsini? Na mbaya ilikuwa humohumo kwenye tisa zangu. Msinichoshe."

"Hata mimi," Ndalahwa akasema, na msicheke, alisema kweli, "nilikiri. Mwanamume mwingine angenyamaza."

Kabula akasema, "Nani alikuuliza mpaka ukakiri? Nani aliibeba?"

Kisha Lushinge akasema, si kwa ubaya, kwa sauti ya chini, na ndiyo maana iliuma: "Shemeji, na nani alimwita ndugu yangu baruti ikiwa mkononi? Usingeita, kusingekuwa na risasi mbaya."

Na ni kweli Kabula aliita, na ni kweli mtoto alikuwa analia, na hata leo hajui mama angefanya nini kingine.

Jumatano akaenda kliniki kumpima mtoto uzito. Nyuma yake walikuja Lushinge, Shigela, Bi Holo na baba mtoto, wote wameoga, wamesimama kwenye foleni ya akina mama kama mashahidi. Muuguzi akamshusha mtoto kwenye mzani, akachukua kadi, akaona nafasi ya jina ni tupu.

"Mama, nisaidie haraka, kuna wenzako nyuma. Huyu anaitwa nani?"

Wanne wakajibu kwa pamoja, kila mtu jina lake. Kabula peke yake hakujibu. Alikuwa bado anaogopa.

Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza mpaka hapa mkicheka: mwenye nyundo, mwenye jiliwa, mwenye mizani, aliyekiri, au yule aliyeita akasababisha, kisha akaogopa akaokoa? Muuguzi ameshika kalamu. Je, nani alistahili, na aandike nini?