Ghala Lisilo na Fukusi

Wapendwa, kabla sijaanza naomba mtu asimgeukie jirani yake. Mama nitakayemsema hayumo humu ndani, na kama yumo, basi amekaa pale pale ulipokaa wewe.

Alikuwa mjane, mstaafu wa masjala ya wilaya, mwanamke aliyepanga mafaili miaka thelathini na moja bila kupoteza hata moja. Katika kata yao ya milimani walimwita Mama Karani, na jina hilo halikumkera. Alikuwa mtu wa aina ile inayoandika tarehe hata kwenye chupa ya asali. Sasa mtu kama huyo akistaafu, utampa kazi gani? Walimpa ghala.

Ghala lenyewe lilizaliwa kwa aibu. Mwaka mmoja mlima ulimeguka, barabara ikakatika, watu wakakaa shuleni siku tatu wakisubiri msaada. Msaada ukaja: nyama ya kopo. Waislamu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, "Kachinja nani?" Wasabato wakaligeuza kopo huku na huku kutafuta kama kuna nguruwe. Wakatoliki walikuwa kwenye Kwaresima, tena siku yenyewe Ijumaa. Waliobaki, ambao hawakuwa na swali lolote, wakagundua kwamba hakuna aliyeleta cha kufungulia kopo.

Kamati ya Maafa ya Kata ikakaa vikao vinne, ikatoa azimio, na kwa azimio la kamati lilikuwa na akili kupita kawaida: ghalani kisiingie chochote chenye damu, chochote kinachonyonyesha, wala chochote kinachotaga. Viingie vyakula vya mimea tu, vikavu, vinavyokaa bila friji, ambavyo mtu wa dini yoyote na wa mfungo wowote atakula bila kumuuliza mtu swali.

Kila kaya ikatoa. Maharage, kunde, choroko, karanga, makopa ya muhogo, unga wa ulezi, ndizi zilizokaushwa, mchicha na majani ya kunde yaliyoanikwa kivulini mpaka yakawa mepesi kama karatasi. Chumvi. Mafuta ya alizeti. Mwenye nacho alileta gunia, asiye nacho alileta bakuli, na wote wakaandikwa kwenye daftari moja kwa mwandiko ule ule mzuri. Mama Karani akavaa ufunguo shingoni.

Sasa sikilizeni jinsi ugonjwa ulivyoingia.

Kila baada ya miezi mitatu alikuja mkaguzi kutoka wilayani, bwana mmoja mpole mwenye tochi na fomu. Fomu ilikuwa na safu ya unyevu, safu ya panya, safu ya wadudu, safu ya saini, na safu ya maoni iliyoandikwa chini yake "Kwa Matumizi ya Ofisi Tu". Safu ya mlaji haikuwepo. Katika ukaguzi wa kwanza bwana yule aliingiza mkono kwenye gunia la kunde, akautoa na fukusi mmoja. Mmoja, wapendwa. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.

"Mama, hapa nalazimika kuandika," akasema kwa masikitiko.

"Huyo ameingia na wewe," Mama Karani akajibu.

"Fomu haiulizi ameingia na nani."

Akaandika. Ghala la kata ya jirani, lenye magunia sita na popo, likashika nafasi ya kwanza wilayani. La Mama Karani likawa la pili. Jioni hiyo hakula.

Kesho yake alinunua dawa ya kuhifadhi nafaka. Hilo si kosa, wengi wetu tunaitumia. Pakiti imeandikwa gunia moja litiwe kiasi gani, watu wasubiri muda gani kabla ya kula, na vitu gani visiguswe kabisa na dawa hiyo. Mama Karani alisoma yote, mpaka herufi zile ndogo za chini. Ila aliona maandishi yale yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotaka kula, na yeye alikuwa na mkaguzi. Pakiti ikisema moja, akatia tatu. Karanga akazitia. Ndizi kavu akazitia. Mboga kavu akazipepetea juu yake kama mtu anayempaka mtoto poda baada ya kumwogesha. Na kila ukaguzi ulipokaribia, alirudia.

Msiniangalie hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kazi yake, na mimi nimezika watu wengi walioumizwa na watu wanaopenda kazi zao.

Baada ya mwaka mmoja mkaguzi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa mweupe.

"Hakuna hata mmoja!" akasema. "Na panya?"

"Nilimkuta mmoja," Mama Karani akasema. "Alikuwa ameshafariki."

"Safi sana," akasema mkaguzi, akaandika: *Panya hai, sifuri.*

Cheti kikaja kwenye fremu. Wageni wa kata nyingine wakaletwa kujifunza. Walisimama mlangoni wakapiga chafya, wakasaini kitabu, wakaenda zao wakisema, ama kweli, hili ndilo ghala.

Masika ya mwaka wa tatu mlima ukameguka tena, safari hii pande mbili. Daraja likaondoka. Mnara wa simu ukalala chali. Watu mia mbili na zaidi wakapanda shuleni, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Siku ya kwanza walikula walichotoka nacho. Siku ya pili wakubwa waliwaachia watoto, na jioni yake hata cha watoto kikaisha. Utasema, na ghala je? Ghala lilikuwa hatua arobaini kutoka pale walipolala. Lakini kanuni ilitaka lifunguliwe kwa barua ya wilaya yenye muhuri, na barua ilitakiwa ipite kwenye daraja.

Watu wakaja kumsihi. Mama Karani akasimama kwenye kanuni kama nguzo.

"Si mimi, jamani, ni utaratibu."

"Utaratibu unalia njaa, Mama?" akauliza mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye ulimi.

Akaushika ufunguo shingoni. Siku zile mbili Mama Karani aliishukuru sana kanuni ile, na hakutaka kujiuliza kwa nini anaishukuru.

Siku ya nne asubuhi Mwenyekiti wa Kamati alichoka. Akaketi, akajiandikia barua, akaigonga muhuri, akajikabidhi, akasaini kwamba ameipokea, akaweka nakala kwenye faili. Kisha akasema, "Mama Karani, fungua."

Akafungua. Vigelegele vilipigwa, wapendwa, mpaka mlima uliobaki ukaogopa. Magunia yakatolewa, mazuri, yameshonwa, yana tarehe. Mzee mmoja akaja mbele akiwa amevua kofia.

"Mama, tulikusema vibaya. Tulisema umekalia chakula chetu kama kuku aliyelalia mawe. Tusamehe."

"Nimewasamehe," akasema Mama Karani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Masufuria yakainjikwa. Mpishi wa shule akaanza kusuuza maharage. Akasuuza, akamwaga, akasuuza, akamwaga. Akaita.

"Mama Karani! Maji haya mbona yanatoka meupe kama tui?"

"Ni vumbi la ghalani."

"Nimesuuza mara tano."

"Suuza ya sita," akasema.

Mnasikia? Hakusema mwaga. Alisema suuza ya sita. Akasogea kando, akasimama kwenye ukuta wa darasa na kuanza kujiambia yale ambayo mtu hujiambia harakaharaka, kama anayepita karibu na mbwa. Alijiambia dawa ya siku nyingi huisha nguvu. Alijiambia moto huunguza kila kitu. Alijua pakiti haikusema habari ya moto, maana aliisoma, tena yeye peke yake katika kata nzima ndiye aliyeisoma. Angeweza kusema wakati ule. Angesema maneno mawili tu, na watu wangeghadhibika, na mambo yangekwisha. Lakini kofia ya yule mzee ilikuwa bado mkononi. Ni vigumu kumrudishia mtu heshima aliyokupa sasa hivi.

Maharage yakaiva. Yalinukia, kwa maana vitunguu havikosekani jikoni kwa shule, na mafuta ya alizeti yalikuwepo. Watoto kwanza, akaamuru Mwenyekiti, kwa sababu ndivyo mwongozo usemavyo. Watoto wakaketi mstari kwenye nyasi, sahani mapajani, kimya kabisa. Mtoto mwenye njaa ya siku moja hulia. Wa siku mbili hunyamaza.

Wa tatu katika mstari alikuwa kitoto cha miaka minne, mjukuu wa Mama Karani, na mama yake amekichuchumalia ubavuni.

Mama Karani akapita nyuma yao taratibu. Akainama sikioni kwa binti yake.

"Mtoe huyo mtoto kwenye mstari."

"Kwa nini, mama?"

"Mtoe tu. Asile. Nina biskuti kwenye mkoba."

Binti alikuwa hajalala usiku tatu. Hakuwa na sauti ndogo iliyobaki.

"Mama! Mtoto tangu jana hajatia kitu mdomoni, unaniambia asile? Biskuti mbili, na maharage haya hapa yanafuka moshi?"

"Nyamaza, mwanangu, nakuomba. Nitakueleza."

"Nieleze sasa! Kwa nini wangu asile, na wa wenzangu wale?"

Upawa wa mpishi ulibaki hewani. Wapendwa, mia mbili na zaidi walikuwa uwanjani, na ungesikia mchuzi ukidondoka kutoka kwenye upawa ule kurudi sufuriani. Kisha mwanamke mmoja mwisho wa mstari akapiga yowe, akampiga mwanawe mkononi, sahani ikaruka. Na wa pili. Na wa tatu. Akina mama waliwarukia watoto wao kama kuku anavyowarukia vifaranga mwewe akipita, wakiwatia vidole vinywani kutafuta kama kuna kilichoingia. Mungu ni mwema, hakuna aliyekuwa amemeza.

"Yana dawa," akasema Mama Karani.

"Maharage?" akauliza mpishi.

"Yana dawa."

"Na karanga?"

"Nazo."

"Na zile mboga? Mama, na zile mboga nilizokuletea mimi, nilizozianika kwa mikono yangu?"

 Alitikisa kichwa chini juu, chini juu.

Mwenyekiti akasogea mbele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla. "Lakini cheti," akasema, "cheti kinasema..." Akakosa wa kumalizia naye.

Walichimba shimo refu mbali na kisima, wakamwaga humo masufuria yote, kisha magunia, moja baada ya jingine, na wenyewe wamesimama pembeni wakitazama. Hakuna aliyetukana. Ingekuwa afadhali wangetukana. Mzee yule alivaa kofia yake. Mchana huo, ardhi ikiwa imetulia kidogo, wote waliteremka migombani, wakakata ndizi mbichi kwenye migomba iliyoangushwa na upepo, wakazichemsha kwa chumvi, maana chumvi peke yake haikutiwa dawa, kwa kuwa haina mdudu wa kuogopwa. Wakaishi hivyo mpaka barabara ilipofunguliwa. Mama Karani alimenya ndizi na wenzake mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyesema naye.

Basi, wapendwa. Nawaona wengine mnatikisa vichwa, mnasema moyoni, mwanamke yule, jamani, mwanamke yule! Ngojeni. Mimi hainitishi dawa. Dawa ni ujinga wa mtu mwenye bidii, na ujinga Mungu huuhurumia. Kinachonitisha ni zile hatua alizotembea kutoka ukutani mpaka kwenye sikio la binti yake. Mpaka hapo angeweza kujidanganya kwamba hajui. Lakini mguu ulipokwenda kumtoa wake, mguu ulishuhudia kwamba moyo unajua. Watoto hamsini na zaidi akawaacha mstarini, akamchagua mmoja.

Na sisi je? Sisi tunaokaa juu ya mabenchi haya, tunaojuana mashamba mpaka mipaka? Nani hapa hana matuta mawili ya mboga? Moja kubwa la kupeleka sokoni, ambalo jana jioni lilipigwa dawa na leo alfajiri limevunwa. Na jingine dogo nyuma ya jiko, halipigwi kitu, na mtoto akienda kuchuma tunamwita kwa ukali, "Si huko! Hizo ni za kuuza!" Tumeyasema maneno hayo. Nimeyasikia nikipita njiani, tena kwenye nyumba yenye msalaba mlangoni. Kelele ile ni ukiri, wapendwa, ila tunakiri kwa mtu asiyefaa. Tunamwambia mtoto wetu. Anayekwenda kula hatumwambii.

Wala si mboga tu. Fundi unayejenga darasa ambalo mwanao hatasoma, zege lako likoje? Muuza dawa, ile pakiti iliyopita tarehe unampa mgeni au unampa mama yako? Na mimi mchungaji, ushauri ninaowapa mabinti zenu wakaenda kuvumilia kwenye ndoa za kupigwa, ningempa binti yangu? Niliandika swali hilo juzi, nikalifuta, nikaliandika tena.

Kesho kutwa ni siku ya gulio. Nitakuja na kikapu. Nitasimama kwenye meza yako, mbele ya wateja wako, nitashika fungu la mchicha na kukuuliza kitu kimoja tu: watoto wako wanakula hizi?

Tusimame tuombe. Mwenye matuta mawili aombe macho yakiwa wazi.