Siri ya Makubadhi ya Bi Kidawa

Bwana Mselem, tajiri mwenye soko, alimkuta Bi Kidawa na rundo la makubadhi ya harusi, ameshayashona ila hayajang'arishwa.

"Nipe siri yako ya kung'arisha ngozi, la sivyo leo navunja hiki kibanda!"

"Ni nta ya nyuki na mafuta ya nazi, yeyusha pamoja," alisema Bi Kidawa. "Lakini siri yenyewe huijui mpaka usugue, bwana. Shika kitambaa."

Mselem akasugua kubadhi moja.

"Bado. Mkono haujapata moto."

Akasugua la pili, la tatu, jasho likimchuruzika. Adhuhuri rundo zima liling'aa kama kioo.

"Siri iko wapi?" alifoka.

Bi Kidawa akamsogezea kikombe cha chai. "Siri, bwana wangu, ni kumpata mtu anayeitaka siri."